Zero iliyotekwa: nipake rangi ya Wajapani au ya Wamarekani?

FundiSkeli aliandika:

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada maana nimekwama wiki ya pili sasa. Nina seti ya modeli ya Zero, ile ndege ya kivita ya Wajapani ya Vita ya Pili ya Dunia, skeli 1/48, ile A6M2 modeli 21. Nilinunua kwa jamaa aliyekuwa anahama, vipande vyote vipo ila karatasi ya stika imekauka, kila nikiiloweka inakatika katika. Nikaona basi nisitengeneze ya Pearl Harbor, nitengeneze ile Wamarekani waliyoiokota kisiwa cha Akutan mwaka 1942, maana nyota nyeupe naweza kukata stensili mwenyewe nikapuliza rangi.

Kinachonichanganya ni picha. Ninazo tatu kwenye simu. Ya kwanza ndege imelala chali kwenye majani, tumbo juu, duara la Kijapani chini ya bawa linaonekana vizuri kabisa. Ya pili ipo angani, ina nyota za Marekani. Ya tatu ipo uwanjani, ina jua la Kichina lenye miali na imeandikwa P-5016. Kuna mtu kwenye grupu letu la WhatsApp anasema zote ni ndege moja, ilitekwa ikapelekwa China alafu Marekani.

Maswali yangu sasa. Je ni ndege moja kweli? Pili, rangi yake ilikuwa ipi, maana wengine wanasema kijivu, wengine kahawia, wengine kijani, wengine bluu. Tatu, nataka kuichubua chubua rangi hadi bati lionekane ili ionekane imepitia vita, nichubue kiasi gani? Natanguliza shukrani.

MzeeWaBawa alijibu:

Mkuu FundiSkeli karibu. Huyo wa WhatsApp mwambie si ndege moja, ni mbili na kila moja ina historia yake.

Ile ya Kichina ndiyo ilitangulia kupatikana. Ilitua ufukweni kwenye rasi ya Leizhou kusini mwa China mwezi Novemba 1941, yani hata Pearl Harbor bado haijapigwa. Mkiani ilikuwa na V-172. Wachina wakaichukua, baadae akaikarabati Gerhard Neumann, fundi mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa na kikosi cha Flying Tigers, wale Wamarekani waliojitolea kupigania China, huyo huyo ambaye miaka ya baadae alikuja kuwa mkubwa wa injini za jeti pale General Electric. Aliiunganisha Kweilin, huko huko China. Hiyo P-5016 ni namba iliyopewa na upande wa China, ikaja kuvaa nyota ya Marekani baadae ndio ikasafirishwa.

Ya Akutan ni ya rubani Tadayoshi Koga kutoka manowari ya ndege Ryujo. Tarehe 4 Juni 1942 walishambulia Dutch Harbor kule Alaska, risasi ikampata kwenye bomba la oili, ikawa inavuja. Akaenda Akutan, kisiwa walichokuwa wamepanga kutua mtu akipata shida. Kutoka juu akaona uwanda wa majani mabichi, akashusha matairi atue kawaida, kumbe chini ni tope la bwawa. Matairi yakanasa, ndege ikapinduka, akavunjika shingo akafa pale pale. Wenzake wawili walitakiwa kuipiga risasi iungue isichukuliwe na adui ila wakaogopa huenda mwenzao yu hai ndani, wakaondoka. Ikakaa pale zaidi ya mwezi hadi tarehe 10 Julai ilipoonwa na ndege ya doria aina ya Catalina. Hiyo ndio picha yako ya kwanza.

Namba yake ya kiwanda ni 4593, mkiani DI-108. Herufi D na ile I ya Kirumi maana yake Ryujo. Kwenye Pearl Harbor vile vile, AI ilikuwa Akagi, AII Kaga, BI Soryu, BII Hiryu, EI Shokaku, EII Zuikaku. Na kiunoni walivaa mshipi wa rangi, Akagi mmoja mwekundu, Kaga miwili, Soryu mmoja wa bluu, Hiryu miwili, Shokaku mmoja mweupe, Zuikaku miwili. Ukikutana na kipande cha mkia porini kina BII basi umeshajua kilipotoka, huhitaji hata kuuliza.

Sasa kuhusu rangi. Kabla hujafungua kopo lolote jiulize unatengeneza ndege ya TAREHE GANI. Ndege iliyotekwa haina rangi moja. DI-108 ya tarehe 4 Juni ni kijivu chepesi mwili mzima, juu na chini, na kava la injini jeusi lenye ubluu kwa mbali. Hiyo hiyo ndege tarehe 20 Septemba 1942 ilipopaa San Diego mikononi mwa Eddie Sanders, rubani wa majaribio wa jeshi la maji la Marekani, ilikuwa imeshapakwa rangi za jeshi la maji la Marekani, bluu ya kijivu juu na kijivu cheupe chini, nyota badala ya duara. Kwahiyo anayekwambia kijivu na anayekwambia bluu wote wako sahihi ila wanaongelea siku tofauti.

FundiSkeli aliandika:

Asante sana mkuu, hapo kwenye tarehe umenifungua macho. Lakini hapo pa kijivu mwili mzima, kwani hawakuwa na rangi za kujificha? Modeli nyingi naona zina kijani juu.

MzeeWaBawa alijibu:

Zero za mwanzo hazikuwa na rangi ya kujificha kabisa. Ilikuwa ndege ya kushambulia, inaruka toka manowari, inapigana juu ya bahari na mawinguni, kijivu kilitosha. Kijani cha juu kilianza kuwa kawaida kwenye Zero kuanzia katikati ya 1943, na sababu yake iko wazi, wakati huo Wajapani ndio walikuwa wanasakwa, ndege zinapigwa zikiwa zimepaki kwenye viwanja vya visiwani, lazima ifanane na miti ukiitazama kutoka juu. Ukiona Zero ya kijani kwenye tukio la 1941 jua mtengenezaji amekosea.

Alafu kuna jambo dogo la msaada, ile mistari ya njano kwenye ukingo wa mbele wa mabawa, kuanzia karibu na kiwiliwili hadi kama nusu ya bawa. Ni alama ya kutambuana wao kwa wao wasipigane, ilianza mwaka 1942 baada ya Koga kuwa ameshafariki. DI-108 usiiwekee.

Salma_wa_California alijibu:

Samahani naingilia, mimi naishi huku kusini mwa California na jumba la makumbusho la Planes of Fame pale Chino nimeenda mara kadhaa na watoto. Wana Zero moja A6M5, namba 5357, mkiani 61-120, ilitekwa Saipan Juni 1944 pamoja na zingine nyingi zikapakiwa kwenye manowari Copahee kuletwa San Diego. Inaruka mpaka leo na injini yake ile ile ya Sakae, nimesikia kwa masikio yangu ikiwashwa, mwanzo inakohoa moshi mweupe alafu sauti inatulia inakuwa kama cherehani kubwa.

Nilichotaka kusema ni kwamba ukisimama ubavuni mwake utaona kijani cha juu na kijivu cha chini vinakutana kwa mstari ambao unatembea kuelekea mkiani, na hapo mkiani ndipo walionielekeza niangalie. Zero zilitengenezwa na viwanda viwili, Mitsubishi aliyeibuni na Nakajima ambaye alikuja kutengeneza nyingi zaidi. Kwa Nakajima mstari ule ukikaribia mkia mdogo wa mlalo unapanda juu kwa mkunjo, kwa Mitsubishi unaenda karibu umenyooka hadi mwisho. Tena zile za kijivu za A6M2, Nakajima walizungushia duara jekundu la ubavuni utepe mweupe, Mitsubishi hawakuweka. Mimi si fundi wa modeli ila niliposhikishwa hilo sijawahi tena kuangalia picha ya Zero bila kutafuta mkia.

Ya Koga ni Mitsubishi kwahiyo ubavuni duara liwe jekundu tupu.

Kaka_Rangi alijibu:

Mzee wa Bawa nakuheshimu ila hapo kwenye kijivu tutabishana kidogo. Kijivu cha Zero sio kijivu kama cha meli. Vipande vya mabaki ambavyo havijapigwa jua vinaonesha rangi yenye uzeituni au ukahawia ndani yake, kuna neno la Kijapani ameiro, yani rangi ya peremende ya sukari. Jua na chumvi ya bahari vinaifanya ivae unga unga juu, ndio inaonekana kijivu, ukiusugua ule unga rangi ya chini inarudi. Kwahiyo usichukue kijivu kutoka kwenye kopo ukapuliza ukamaliza, ongeza tone la kijani cha zeituni na tone la kahawia, sehemu za kitambaa kama usukani wa mkia na eleroni (vile vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyoilaza ndege upande) uache kijivu chenyewe kwasababu kitambaa kilipakwa rangi tofauti. Hiyo tofauti ikitokea kwenye modeli inapendeza sana.

Na FundiSkeli usiamini picha nyeusi na nyeupe kirahisi. Filamu zingine za zamani zilikuwa hazioni nyekundu, nyekundu inatoka nyeusi kabisa, njano inakuwa nzito, bluu inakuwa nyeupe nyeupe. Nimeshaona watu wanaapa kwamba mkanda fulani ni mweusi kumbe ni mwekundu. Tafuta kwanza kitu ambacho rangi yake unaijua kwenye picha hiyo hiyo, mfano duara lenyewe, ulinganishe.

MzeeWaBawa alijibu:

Kaka Rangi hapo sikubishii, nimesema kijivu kwa kufupisha. Mchanganyiko wako ni sawa kwa siku ya Akutan. Kwa siku ya San Diego hauhitajiki maana imefunikwa yote.

Na hiyo ndio inaniumaga. Wamarekani walipata kitu kizima, rangi ya kiwanda ya Februari 1942, haijakaa hata miezi mitano, wakaifunika. Naelewa kwanini, anayerusha ndege yenye umbo la Zero juu ya San Diego akiwa na duara jekundu atapigwa na wenzake kabla hajafika popote, hata karakana walijenga uzio mrefu kuizunguka kuwazuia watu waliotaka kumbukumbu. Majaribio yenyewe yalikuwa na faida kubwa, Sanders aliruka nayo mara 24 kati ya 20 Septemba na 15 Oktoba, akagundua eleroni zinakuwa nzito sana mwendo ukizidi noti 200, inajikunja kulia kwa shida kuliko kushoto, na ukiisukuma pua chini ghafla injini inakata kwasababu kabureta yake haimudu. Marubani wakafundishwa piga mbizi, kunja kulia. Lakini rangi hakuna aliyeiandika kwa umakini ule, na Februari 1945 ndege yenyewe ikavunjwa pale pale San Diego, Helldiver, ndege ya mabomu ya Wamarekani iliyokuwa inatembea uwanjani, ikaipanda kwa nyuma, propela ikaikata kuanzia mkiani. Vilivyobaki ni vitu vidogo kama saa za chumba cha rubani zilizopo makumbusho ya jeshi la maji Washington.

Sasa FundiSkeli, kuhusu nyota zako, zina tarehe pia. Kabla ya Mei 1942 nyota ya Marekani ilikuwa na kiduara chekundu katikati. Kikaondolewa mwezi huo kwasababu mpiga risasi akiona wekundu tu kwa mbali anafikiri ni Mjapani. Kuanzia mwisho wa Juni 1943 wakaongeza mistatili miwili meupe pembeni na ukingo mwekundu, ukingo mwekundu ukaleta shida ile ile, Agosti ukabadilishwa kuwa bluu. Kwahiyo picha yoyote ya ndege ya Kijapani yenye nyota tupu isiyo na wekundu wala mistatili ujue ni kati ya Mei 1942 na Juni 1943. Zero yako ya Septemba 1942, nyota tupu ndani ya duara la bluu, basi.

Mjukuu_wa_KAR alijibu:

Hapo kwenye wekundu umenikumbusha babu yangu. Alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wenye kichwa cha kifaru begani, alipita bonde la Kabaw kule Burma 1944 hadi wakavuka mto Chindwin. Alikuwa anatuhadithia wakiwa wamejificha chini ya mianzi walifundishwa kitu kimoja tu kuhusu ndege, ukiona jua jekundu lala chini, usipoliona subiri. Nilikuwa nadhani ni maneno ya mzee tu mpaka nikaja kusoma kwamba Waingereza upande ule wa Asia walitoa wekundu kwenye alama zao za duara, wakabaki na bluu nzito na bluu nyepesi au nyeupe. Yani walibadilisha alama ya ndege zao zote ili askari kama babu asikosee. Hilo lilinigusa.

Yeye alichokuwa akiona juu pale zaidi ni Ki-43 za jeshi la nchi kavu, sio Zero, ila kwa askari wa chini zote zilikuwa zinaitwa Zero.

MzeeWaBawa alijibu:

Mungu amrehemu babu. Na hilo la kuita zote Zero ndilo lililofanya wapate mfumo wa majina. Kapteni Frank McCoy mtu wa Tennessee, akiwa Australia na kitengo cha kuchunguza ndege za adui, akaamua ndege za kivita na za upelelezi za majini zipewe majina ya wanaume, za mabomu majina ya wanawake. Akatumia majina ya watu wa vijijini kwao, Zeke, Rufe, Nate, Jake. Zero ikawa Zeke, Ki-43 ikawa Oscar. Ilipotokea Zero yenye mabawa yaliyokatwa ncha, upana mita 11 badala ya 12, wakadhani ni ndege mpya wakaiita Hap, ambalo ni jina la utani la Jenerali Arnold mkuu wa jeshi lao la anga, hakupenda, ikageuzwa Hamp. Hizo walizipata Buna, New Guinea, Desemba 1942, wakaunganisha moja nzima kutokana na mabaki pale Eagle Farm, Brisbane, ikaandikwa EB-201 ikashindanishwa na Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, mwaka 1943.

PwaniYetu alijibu:

Nje ya mada kidogo, hizo za upelelezi za majini moja ilishapita juu yetu. Mei 1942 nyambizi ya Kijapani I-30 ilirusha kindege kidogo chenye boya, E14Y, kikapita juu ya Zanzibar na Dar es Salaam kuangalia meli za Waingereza, siku chache kabla hawajapiga Diego Suarez kule Madagaska. McCoy na wenzake hiyo waliiita Glen. Ilikuwa inafunguliwa mabawa inaingizwa ndani ya nyambizi. Wazee wetu waliokuwa baharini siku ile wakavua samaki huenda waliisikia wakadhani ni ya Mwingereza.

FundiSkeli aliandika:

Wakuu nimejifunza kuliko nilivyotegemea, PwaniYetu hilo la Dar sikuwahi kulisikia kabisa. Bado swali la kuchubua. Nimeshaandaa chumvi ya mawe, ile unapaka fedha kwanza, unaloanisha, unabandika punje za chumvi, unapuliza rangi juu, ikikauka unasugua chumvi inatoka na rangi. Nichubue mpaka wapi?

Kaka_Rangi alijibu:

Kwa Koga weka chumvi pembeni kabisa. Zero ya mwanzo ilipigwa praima (rangi ya kwanza ya kushikia) kiwandani vizuri, rangi inashika. Zinazobanduka kama ganda la mti ni za jeshi la nchi kavu, Ki-43, Ki-61, Ki-84, ambazo mara nyingi kijani kilipulizwa moja kwa moja juu ya bati tupu, wakati mwingine hata uwanjani kwa mkono, madoa madoa. Jua la New Guinea likipiga miezi miwili kinaanza kutoka kwa vipande. Na Zero za mwisho wa vita nazo, walipoanza kuruka hatua ya praima kiwandani.

Ukitaka kutumia chumvi tafuta Ki-61 ile iliyokamatwa Cape Gloucester ikapewa namba XJ003, madoa ya kijani juu ya fedha. Au Ki-84 ya uwanja wa Clark, Ufilipino, 1945. Huko Clark Wamarekani walikuwa wanavua rangi yote ndege inabaki bati linalong'aa, alafu usukani wa mkia wanapaka milia nyekundu na nyeupe kama ndege zao za kabla ya vita, na namba kubwa yenye herufi S. Ki-84 yenye S17 ndio hiyo hiyo iliyorudishwa Japani, ipo makumbusho ya Chiran, na ndiyo Ki-84 pekee iliyobaki duniani. Waingereza kule Tebrau, Malaya, mwaka 1946 walifanya tofauti, waliacha kijani cha Kijapani, wakaweka duara zao na kuandika ATAIU-SEA (kifupi cha jina la kitengo chao cha kuchunguza ndege za adui) kwa herufi kubwa nyeupe ubavuni, na marubani waliozirusha walikuwa Wajapani wenyewe chini ya usimamizi. Kuna picha ya Raiden mbili, ndege za kivita za Kijapani, ziko angani pamoja namna hiyo, mimi ndio nazozipenda kuliko zote sababu rangi halisi inaonekana bado.

Salma_wa_California alijibu:

Msisahau na zile nyeupe. Tarehe 19 Agosti 1945, Betty mbili, ndege za mabomu za Kijapani, zilitoka Kisarazu, Japani, kwenda kisiwa cha Ie Shima zikiwa zimebeba ujumbe wa Jenerali Kawabe kwenda kupanga kusalimu amri Manila. Waliamriwa zipakwe nyeupe mwili mzima na msalaba wa kijani pale lilipokuwa duara. Ukiangalia picha kwa karibu unaona nyeupe imepakwa haraka, haijakaa sawa. Walipaka wenyewe.

Msafiri_Java alijibu:

Na Indonesia je. Tarehe 27 Oktoba 1945 rubani wao Adisucipto alirusha Cureng, ndege ya Kijapani, ile ya mafunzo yenye mabawa mawili juu na chini, pale Yogyakarta. Duara jekundu la Kijapani hawakulifuta, nusu ya chini tu ndio wakaipaka nyeupe, ikawa bendera yao nyekundu na nyeupe. Kopo moja la rangi nyeupe na brashi. Nikiiona ile picha huwa nasimama kidogo.

FundiSkeli aliandika:

Aisee hiyo ya nusu duara sikuwahi kuijua kabisa, nimeitafuta sasa hivi nimeiona.

Nimeamua. Nitaifanya Akutan ya tarehe 4 Juni, imelala chali kwenye tope, matairi yameangalia juu. Chumvi nairudisha jikoni. Nitachanganya kijivu na zeituni kama Kaka Rangi alivyosema, duara la ubavuni bila utepe mweupe, DI-108 mkiani, bila njano kwenye mabawa. Majani nitatumia nyuzi za mkonge zilizopakwa kijani, ninazo. Ila swali moja la mwisho MzeeWaBawa, propela zake wakati huo zilikuwa za fedha au kahawia?

MzeeWaBawa alijibu:

Fedha kwa mbele, nyuma kahawia ili mwanga usimpige rubani machoni, na nchani mistari miwili myekundu. Zile za kahawia tupu zenye mstari wa njano ni za baadae. Ila kwa Koga pinda mapanga mawili matatu ya propela, ilipopinduka propela ilikuwa bado inazunguka. Ukimaliza tuwekee picha hapa.